Kabati la Funguo Sitini na Tatu

Mwanafunzi aliyeletwa alikuwa na kipara.

Mama Funguo alimtazama kuanzia viatu mpaka utosi unaong'aa, akaisoma tena barua aliyoishika, kisha akarudisha macho kwenye ule utosi. Miaka yote aliyokaa nyuma ya meza ile akichonga funguo na kufungua makufuli ya watu ilikuwa imemfundisha kwamba uongo mkubwa huja umevaa vizuri. Na huyu alikuwa amevaa vizuri: shati limepigwa pasi, suruali ina mkunjo, kalamu mbili mfukoni. Umri wake, alisema, miaka arobaini na minne. Mwaka wa pili, chuo kikuu.

"Mwaka wa pili," alirudia Mama Funguo. "Na wa kwanza ulisoma na Nabii Nuhu?"

Mtu yule akacheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekwisha kuzoea mzaha huo. "Nilichelewa, mama. Nilikuwa kazini kwanza."

"Kazi gani?"

"Ya serikali," alisema, akaishia hapo.

Barua ilieleza kwamba chuo kina mpango wa wanafunzi kujifunza kwa kuitumikia jamii. Kila mmoja anapelekwa kwa mtu mwenye kazi yake mtaani, anakaa wiki sita, anafanya atakalopewa, anajifunza watu wanavyoishi na wanavyosaidiana, kisha anaandika. Mwisho wa yote mwenyeji hujaza fomu. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekwisha kukubali kwa niaba yake bila kumuuliza, kama ilivyo kawaida ya wenyeviti. Wanafunzi wengine walikwenda zahanati, wengine chekechea, wengine maktaba. Huyu, barua ilisema, ameomba mwenyewe kuja kwa fundi wa funguo.

Ameomba mwenyewe. Maneno hayo ndiyo yaliyomtia shaka Mama Funguo. Mtu mzima na kipara chake anaacha chekechea yenye uji na maktaba yenye feni, anaomba kuja kukaa mahali zilipo funguo za watu. Anatafuta nini?

Habari ya kabati yafaa ielezwe mapema, maana bila kabati hakuna kisa. Lilikuwa kabati la chuma nyuma ya meza, milango yake miwili imepakwa rangi ya kijivu, na ndani yake zilitundikwa funguo za akiba za nyumba sitini na tatu. Mtaa ule ulikuwa na vichochoro saba, na karibu kila mwenye mlango alimwekea Mama Funguo ufunguo wake wa pili. Baba akidondosha wake njiani, mtoto akirudi shule kabla ya wenzake, mgonjwa akijifungia ndani, watu hukimbilia kwake. Kazi hiyo aliianzisha marehemu mumewe, na tangu afariki, miaka kumi na tisa, mjane wake hakuwahi kumpa mtu ufunguo usio wake. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia zaidi ya hiyo.

Funguo hazikuwa na jina wala namba. Kila mmoja ulifungwa uzi, na uzi ulikuwa na mafundo: mafundo ya uchochoro, nafasi, halafu mafundo ya mlango; na kabatini kila uchochoro ulikuwa na safu yake ya misumari, msumari mmoja kwa kila mlango. Mwizi angeweza kubeba kabati lote asijue pa kuanzia. Na ilikuwapo sheria ya marehemu: mbele ya mteja, usitazame ndani ya kabati. Anayetazama huonyesha njia. Kwa hiyo Mama Funguo hufungua mlango shubiri moja tu, huingiza mkono, na huku anamtazama mteja usoni akimuuliza habari za nyumbani, vidole vyake husoma mafundo gizani. Watoto walimwona kama mfanya mazingaombwe. Yeye mwenyewe alijiona hivyo siku nyingine, ingawa hakusema.

Sasa mtu wa namna hiyo mletee mgeni anayeomba mwenyewe kuja, uone kama atalala usingizi.

Wiki ya kwanza alimpa kufagia na kupanga misumari. Mwanafunzi alifagia. Wiki ya pili akampa tupa achonge vifunguo vya makufuli ya masanduku, akitarajia aharibu ili apate la kumfokea. Hakuharibu. Kibaya zaidi, aliyajua makufuli. Mteja akiweka kufuli mezani, Kipara (jina hilo lilikwisha kumganda mtaa mzima) alitaja aina yake kabla halijageuzwa.

"Umejifunzia wapi hayo?" aliuliza Mama Funguo.

"Kazini, mama."

"Hiyo kazi ya serikali?"

"Hiyohiyo."

Halafu alikuwa na tabia ya kuhesabu. Asubuhi akifika, kabla hata ya kukaa, midomo yake huchezacheza: tupa nane, koleo tatu, jiliwa moja la kubania chuma, funguo ghafi kadha wa kadha. Jioni akiondoka, vilevile. Baada ya kuhesabu hutoa daftari jekundu, huandika mstari mmoja au miwili, hulirudisha mfukoni na kufunga kifungo cha mfuko.

Barazani jirani aliketi wifi yake Mama Funguo, dada wa marehemu, fundi wa cherehani, mwanamke mwenye masikio ya kusikia jani likidondoka na ulimi wa kusimulia lilivyodondoka. Huyo hakuhitaji daftari ili kujua anachokifikiria.

"Wifi," alisema, sindano mdomoni, "huyo si mwanafunzi."

"Ni nani basi?"

"Ningejua ningelala. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu kamba yake haionekani, ndiyo inayonitisha. Kaka yangu alikaa na kabati lile miaka na miaka. Wewe utakuja kulitoa kwa mtu kwa sababu ana barua."

"Sijalitoa."

"Bado."

Mvua zikaanza, na kutu ikaanza nazo. Kila mwaka msimu huo Mama Funguo hupaka funguo mafuta moja moja kwa kitambaa. Mwaka huu mikono ilikuwa mizito. Ilikuwa na ganzi asubuhi, akasema ni baridi, na tupa ilimtoka mara mbili akasema ni jasho. Jumatatu ya wiki ya tatu, kwa shingo upande, alifungua kabati na kumweka Kipara mbele yake.

"Utatoa mmoja, utaupaka, utaurudisha ulipoutoa. Mimi nitakuwa hapa nyuma yako. Nina macho."

"Ndiyo, mama."

Akafanya. Mama Funguo aliketi kwenye kigoda akamtazama mgongoni kama paka anayetazama tundu la ukuta. Midomo ya Kipara ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu funguo za watu.

Siku iliyofuata wifi alileta chai katika vikombe vya bati, imetoka jikoni inachemka. Kipara alishika chake, akakiweka chini upesi na kupuliza vidole. Mama Funguo alikikumbatia chake kwa viganja vyote viwili, akanywa taratibu, akacheka.

"Mikono ya chuo hiyo! Wenzako tumeshika chuma miaka thelathini."

Kipara hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akatoa daftari.

"Mama, mikono haijambo?"

"Mikono yangu imekufanya nini?"

"Nimeuliza tu."

"Waulize wagonjwa. Zahanati iko mtaa wa pili, wenzako wako huko."

Alifoka hivyo kwa sababu aliogopa, na alichokiogopa ni kwamba mtu huyu alikuwa anatafuta dosari. Anayetaka kuiba nyumbani kwako kwanza hutaka kujua unachechemea mguu gani.

Jumatatu ya wiki ya nne alimkamata. Yaani alimwona. Kipara alitoa ufunguo msumari mmoja, akaupaka mafuta, akauinamia kidogo, kisha akautundika msumari mwingine. Mama Funguo alihisi damu inampanda kichwani. Akataka kupiga kelele, akajizuia. Kipara akafanya hivyo tena, safu ya chini. Na tena. Mara sita, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepanga vikombe kabatini kwake.

Alimweleza wifi jioni ileile.

"Nilikwambia!" Wifi alipiga paja. "Anavuruga funguo. Halafu siku moja mtu anakuja, unampa usio wake, jina lako linachafuka, watu wanaanza kumwendea yeye. Au kuna wenzake huko nje."

"Nimfukuze?"

"Ukimfukuza leo atasema umemwonea. Ngoja akamatwe na kidhibiti mkononi."

Akangoja. Mtego ulikuwa tayari, na wahenga walikwisha kusema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, lakini nani anakumbuka wahenga akiwa na hasira?

Alhamisi, saa sita mchana, wifi alipiga ukelele. Baraza lake lilitazama uchochoro wa pili, na kwenye dirisha la nyumba ya nesi ulikuwa unatoka moshi.

Nesi alifanya kazi hospitali, mbali. Mama yake, bibi aliyeanza kusahau mambo, aliachwa ndani mchana na kufuli nje, kwa sababu mara mbili alikwisha kupotea akaokotwa barabarani. Siku hiyo bibi alikuwa amekiona kiberiti ambacho hakuna aliyejua kama kipo, akawasha jiko la mafuta, akasahau sufuria. Mtaa wote ulijua ni ufunguo gani unaotakiwa na uko wapi.

Mama Funguo alifungua kabati shubiri moja, akaingiza mkono, akapapasa. Uchochoro wa pili. Mlango wa nne. Akachomoa, akakimbia, khanga moja ikidondoka njiani. Mlangoni moshi ulikuwa unapita chini. Bibi alikuwa anakohoa, kisha kikohozi kikakata, kisha kikaanza tena. Akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Akaugeuza juu chini. Haukuzunguka.

"Fungua, wifi!"

"Unakataa!"

"Unakataaje?"

Ufunguo ukamponyoka ukaangukia matopeni. Hapo ndipo Kipara alipofika mbio, akihema, na ufunguo mwingine mkononi. Aliutia kwenye kufuli, likafunguka, akaingia na kumtoa bibi amembeba kama mtoto. Bibi alikuwa mzima, macho mekundu, analalamika kwamba maharage yake yameungua. Walizima jiko kwa mchanga. Hakuungua mtu.

Lakini watu waliokusanyika walikuwa wamekwisha kuona waliyoyaona. Mama Funguo amekosea, na Kipara alijua ufunguo wa kweli ulipo. Alijuaje?

Alasiri walikuwa dukani watu wanne. Nesi alikuja moja kwa moja kutoka hospitali na sare yake. Wifi aliacha cherehani. Kipara alisimama karibu na kabati, ule ufunguo wa matopeni bado mkononi, maana yeye ndiye aliyeuokota.

"Mama," alisema nesi, "nilikupa ufunguo kwa mkono wangu huu. Imekuwaje?"

"Muulize huyu. Jumatatu nimemwona kwa macho yangu, anatoa funguo msumari huu anatundika ule. Mara sita."

"Ni kweli?" Nesi alimgeukia.

Jasho lilikuwa linamtiririka Kipara kuanzia utosini. "Ni kweli. Nilizihamisha."

"Amesema mwenyewe!" Wifi alishika kiuno.

"Na leo ulijuaje wangu uko wapi?"

"Nilijua tangu jana kwamba haupo peke yake pale msumarini," alisema Kipara. "Nilijua na sikusema. Kosa ni langu."

"Mama yangu angekufa."

"Najua, dada yangu."

Mama Funguo aliona raha. Tusimfichie, ilikuwa raha kabisa, kama mtu aliyetua mzigo. Jina lake limepona. Lakini nesi hakuwa amemaliza.

"Sawa, yeye amehamisha. Lakini wewe, mama, si husema vidole vyako vinasoma? Ulipoushika ule ufunguo, vidole havikukwambia si wangu?"

Swali hilo Mama Funguo hakuwa amejiuliza, na lilimwingia kama mwiba.

"Ilikuwa haraka," alisema. "Moshi. Lakini vidole hivi! Miaka kumi na tisa!" Akafumba macho, akanyoosha kiganja kwa aliyekuwa karibu, naye alikuwa Kipara. "Nipe wowote. Nipe huo ulioushika! Nisome mbele yenu."

Kipara alisita. Kisha akauweka kiganjani.

Mama Funguo alipitisha kidole gumba kwenye uzi, mara moja, mara ya pili. "Mawili," alisema kwa sauti. "Nafasi. Manne."

Kipara alikuwa ameinama anatazama. Akaufunika ule mkono kwa mkono wake, akautwaa ufunguo na kuufumbata.

"Sawasawa, mama," alisema. "Mawili, manne. Hukukosea."

Na nani angetilia shaka? Mwizi hamsifu aliyeibiwa. Nesi alishusha pumzi, akamwomba radhi Mama Funguo kwa maneno yake, akaenda kumtazama bibi. Kipara aliutundika ufunguo kabatini, akatoa daftari jekundu mfukoni, akampa Mama Funguo.

"Lishike wewe. Ulisome ukiwa peke yako, tafadhali."

Wifi alinyoosha mkono alidake, lakini Mama Funguo alikwisha kulitia ndani ya khanga. Mtu yule akachukua mkoba wake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha naye akaondoka, ana mengi ya kusimulia.

Jua lilikuwa bado lipo, linaingia dukani kwa upande. Mama Funguo alikuwa peke yake, na shaka haimwachi mtu kwa siku moja. Huyu mwovu, aliwaza, ameniachia nini kabatini? Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miezi mingi: akafungua milango yote miwili, wazi, akazikagua funguo kwa macho yake mwenyewe.

Ule ufunguo ulikuwa safu ya uchochoro wa pili. Aliutambua kwa uzi wake uliojaa tope la mlangoni kwa nesi. Na mjinga yule alikuwa ameutundika msumari wa tatu.

"Ona!" alisema kwa sauti, peke yake. "Hata baada ya kukiri!"

Akauchomoa auweke wa nne. Akavaa miwani, akausogeza mwangani, akayatazama mafundo. Mawili. Nafasi. Matatu.

Akahesabu tena. Akapangusa tope kwa mate na ncha ya khanga, akahesabu mara ya tatu. Yalikuwa matatu. Ulikuwa ufunguo wa seremala, jirani yake nesi, aliyeuazima na kuurudisha Jumatano.

Alikaa kwenye kigoda. Akafumba macho, akapapasa uzi uleule. Kidole kilimwambia manne. Akakaza. Kikamwambia matano. Akakaza zaidi, na hapo akatambua kwamba kidole hakikuwa kinamwambia chochote, alikuwa anajiambia mwenyewe. Akafumbua macho, akakitazama kidole gumba kama mtu anayemwona mgeni nyumbani kwake. Kilikuwa na lengelenge kubwa la kuungua, linakaribia kupona. Hakujua lilitoka wapi. Hakujua kama lipo.

Daftari lilikuwa na maandishi madogo, yamenyooka.

"Wiki ya tatu, Jumatatu. Funguo 63. Mafundo nimeyaelewa, siyaandiki hapa. Nne zimekaa pasipo pake. Nadhani mama ananitega. Nimezirudisha.

"Jumanne. Chai. Kikombe kiliniunguza, yeye alikishika mpaka mwisho. Kidole gumba kimetoka lengelenge, hakuliona. Nimeuliza habari za mikono. Amenifokea.

"Wiki ya nne, Jumatatu. Funguo 63. Sita zimekaa pasipo pake. Hanitegi. Nimezirudisha.

"Jumatano. Seremala amerudisha wake, mama ameutundika juu ya wa nesi. Niseme? Miaka kumi na miwili ya uaskari magereza nimehesabu funguo asubuhi na jioni. Aliyekosea funguo tulimripoti kwa mkuu, na kesho yake hayupo kazini. Huyu nimripoti kwa nani? Mtaa mzima ni mkuu wake. Nitangoja Jumatatu."

Mama Funguo alilia. Hakulia kwa maumivu ya kidole, maana hayo hata angeyataka asingeyapata. Aliona aibu, na ndani ya aibu aliona kitu kibaya zaidi, nacho ni kwamba njia ya kutokea ilikuwa wazi. Kipara amekubali kosa. Mtaa umeamini. Daftari linaweza kuingia jikoni kwa wifi likawa jivu kabla ya maji kuchemka. Jina la miaka kumi na tisa lingebaki jeupe kama lilivyo, na yeye angeendelea kuingiza mkono gizani na kuwapa watu funguo. Kisha akamsikia tena bibi anakohoa, na kikohozi kikikata.

Ijumaa asubuhi mhadhiri alifika, binti mdogo kuliko mwanafunzi wake kwa miaka isiyopungua kumi na tano, na fomu mkononi. Kipara alisimama nyuma yake kichwa chini. Wifi alikuwapo, kwani nani angemzuia? Nesi alipita akielekea kazini, akasimama. Seremala na majirani wengine walijaa barazani.

"Mama, tumesikia yaliyotokea," alisema mhadhiri. "Chuo kinaomba radhi. Ukijaza fomu hii tutamwondoa kwenye mpango. Tuandike hapa tu, mwanafunzi alifanya nini."

"Ngoja, binti yangu."

Mama Funguo akafungua kabati, milango yote miwili, wazi mbele ya watu wote. Wifi akashika mdomo. Funguo sitini na tatu zikang'aa mafuta.

"Nesi, mwanangu, chagua wowote. Uweke hapa." Akafumba macho.

Nesi hakuelewa, lakini alichagua, akauweka kiganjani. Mama Funguo alipapasa uzi. Alipapasa muda mrefu. Watu wa barazani walikuwa wamezoea kumwona akitaja mara moja, wakaanza kutazamana.

"Sijui," alisema.

"Mama?"

"Nipe mwingine." Akapapasa tena. "Sijui. Jana nilisema manne, yalikuwa matatu. Huyu aliona akanifichia. Funguo alizohamisha, alizirudisha mahali pake baada ya mimi kuzikosea. Mimi, si yeye." Alifumbua macho, na alimtazama wifi yake alipokuwa anasema hayo. "Ndiyo hivyo. Nyani haoni kundule."

Nesi alishika ule mkono. Alichomoa sindano kwenye kifua cha gauni la wifi, akachoma ncha ya kidole kimoja, kisha cha pili. Tone la damu likatoka.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Tangu lini, mama?"

"Nilidhani ni baridi."

Nesi alimpangusa damu kwa kitambaa chake. Halafu akainuka, akaenda kabatini. "Ufunguo wangu nauchukua," alisema. "Siwezi kuuacha, mama. Sitadanganya. Na kesho asubuhi nakuja kukuchukua wewe, twende hospitali wakupime sukari. Usifungue duka mpaka nifike."

Wifi alichukua wake bila kusema neno, na hilo ndilo lililouma kuliko yote. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wanaona haya, wanasema samahani mama. Mhadhiri alishika fomu yake asijue afanye nini nayo. Kila aliyenyoosha mkono, Mama Funguo alimtafutia wake kwa miwani, akampa.

Barazani palipopungua watu alimgeukia Kipara.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu, mama. Sikujaribu vya kutosha. Hilo ni kosa langu kweli."

"Na jana? Kwa nini ulinificha?"

"Wewe sikukuficha. Nilikupa daftari. Niliwaficha wao."

Mama Funguo aliguna. Akamwonyesha kabati. "Hesabu."

Midomo ya Kipara ikaanza kucheza.

"Kwa sauti," alisema. "Wasikie."

Akahesabu kwa sauti, safu kwa safu, mpaka ikafika arobaini na moja ikakoma. Seremala alikuwa bado amesimama mlangoni, anajikuna sikio.

"Mama," alisema, "mimi sikuja kuchukua kabisa. Wangu nimeufungia ndani asubuhi hii. Naomba nifungue tu, nitakurudishia mchana."

Mkono wa Mama Funguo ulikwenda wenyewe kabatini, kama ulivyokwenda miaka yote, na uso wake ukabaki kwa mteja. Kisha akaurudisha mkono. Akavaa miwani. Akampa seremala mgongo, akainama ndani ya kabati, akaanza kuyahesabu mafundo kwa macho, taratibu, uzi mmoja baada ya mwingine. Ilimchukua muda. Kipara hakumsaidia, na seremala alingoja.